Siku Niliyoenda Kutoa Damu

Binti wa jirani yangu Mama Chebet sasa amerudi nyumbani na mtoto wake, kwa hivyo naweza kukiri. Alipojifungua hapa Nakuru alipoteza damu nyingi. Mimi, niliyekuwa nimeazimia kusaidia watu zaidi, nikajitolea kumtolea damu.

"Usijali, Mama Chebet," nilimwambia njiani, "mimi sindano siogopi."

Hospitalini, muuguzi alinipaka spiriti mkononi, na dunia ikazunguka.

Nilipofungua macho nilikuwa sakafuni. Mama Chebet, ambaye ndiye aliyekuwa na mgonjwa wodini, alikuwa amepakata miguu yangu, ananipepea kwa leso.

"Pole, Baba Kevin. Kunywa soda kwanza."

Nilimshukuru hadi machozi yakanitoka. Kisha nikauliza, "Damu imetosha?"

"Damu gani, boss?" muuguzi akasema. "Sindano bado iko kwenye pakiti."

Foleni nzima ya watoaji damu iliangua kicheko. Mama Chebet pia alicheka, mara ya kwanza tangu binti yake alipojifungua jana yake.