Makofi ya Mdogo Wangu

Kwetu huwezi kuomba hata chumvi kwa jirani bila kwanza kupiga makofi. Mtoto akimkuta mkubwa wake hukunja magoti kidogo, huviunganisha viganja, hupiga, ndipo aseme "Mwakeye", na mkubwa naye huitikia kwa makofi yake, taratibu, bila haraka ya kwenda popote. Watumishi waliohamishiwa Kasulu kutoka mikoa mingine walitucheka. Walisema Waha tukianza kusalimiana, maharage yanaungua jikoni. Ni kweli, yaliungua mara nyingi, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka mwaka 2013, mdogo wangu alipoanza kunipigia makofi uwanjani.

Wakati huo nilikuwa fundi cherehani mwenye miaka thelathini na miwili, na nahodha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu pale mjini. Watu walituita timu ya kulipwa, kwa kejeli, kwa sababu mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitununulia jezi, alitulipia nauli, na kila baada ya mechi alitupa soda na mche wa sabuni. Malipo mengine hatukuyaona. Ushindi nao hatukuuona. Msimu ule wa ligi ya mkoa tulishinda mara moja tu, tena kwa sababu gari la wapinzani liliharibika njiani, wakafika wamechoka na vumbi limewajaa hadi kwenye nyusi.

Mimi nilikuwa mchezeshaji, yaani mpira ulipita kwangu kwanza, ndipo ugawiwe wengine. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya miaka tisa. Magoti yalikuwa yameanza kulalamika, lakini magoti ya nani hayalalamiki?

Mwaka huo mdogo wangu alitoka kwa wazazi wetu, Rungwe Mpya, akaja kukaa kwangu ili asome sekondari. Alikuwa na miaka kumi na saba na yuko kidato cha kwanza, kwa kuwa alichelewa kuanza shule. Nilimtandikia godoro katika chumba cha cherehani, katikati ya vipande vya vitenge. Mimi ndiye niliyempeleka uwanjani mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyemfundisha kudunda mpira bila kuutazama. Naandika hivi ili ijulikane kwamba nilianza vizuri.

Baada ya miezi mitatu alikuwa ananipita. Mpira ukigonga ubao, mkono wake ulikuwa umeshafika. Alikimbia mwanzo hadi mwisho bila kukunja uso, wakati mimi nilikuwa nahema nikijifanya nafunga kamba za viatu. Na alipotaka pasi hakuniita, maana dada mkubwa haitwi kwa jina, na wachezaji wengine nao walikuwa dada zake kwa umri. Alipiga makofi.

Makofi yake ningeyatambua hata nikiwa nimefumba macho. Aliviviringa viganja kidogo, pakawa na uwazi katikati, na sauti ikatoka nzito: moja, halafu mawili ya haraka. Ndivyo mama alivyotufundisha sote wawili. Kila asubuhi alinipigia hayo hayo nyumbani, amekunja magoti, nami nikajisikia mkubwa wa nyumba. Uwanjani aliyapiga amesimama wima chini ya kikapu, na maana yake ilikuwa moja tu: leta.

Roho iliniuma. Nisizunguke, nilimwonea wivu. Waendesha bodaboda walioegesha pikipiki zao kando ya uwanja wa shule, ambao zamani walikuwa wakinishangilia mimi, sasa wakifika waliuliza yule mrefu yuko wapi leo. Siku moja mama alinipigia simu kutoka Rungwe Mpya, akaniambia kwa furaha kwamba amesikia sokoni binti yake anacheza mpira wa kikapu vizuri sana. Miaka tisa nilikuwa nimecheza, na huko sokoni hapakuwahi kusikika neno. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Ilipobaki mechi moja, ya ugenini Kibondo, msimu uishe, mzee wetu wa duka alituita mimi na kocha, baada ya swala ya alasiri. Kocha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole ambaye hakuwa na uwezo wa kueleza jambo bila kulichora chini kwa kijiti. Siku hiyo alichora kwenye vumbi la saruji. Alitaka timu ivunjwe. Wakubwa wote tupumzike, wachukuliwe wasichana wa sekondari, wafungwe misimu miwili hata mitatu, mpaka wakomae pamoja.

Mimi nilikataa. Nilisema timu haivunjwi kwa sababu ya msimu mmoja mbaya, waongezwe wachezaji wawili warefu kutoka Kigoma mjini, tushindane sasa hivi. Nilimkumbusha kocha kwamba ng'ombe hazeeki maini. Akanijibu, kwa upole wake uleule, kwamba maini hayadundi mpira. Ndipo nikamgeukia mzee, nikaona nitumie lugha ya dukani kwake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nilimwambia, na ufa wetu bado ni mdogo.

Wazazi wa yule mzee walitoka Tanga, na Kiswahili chake kilifanya chetu kionekane kimevaa ndala. Alicheka polepole huku akipangusa mizani yake ya misumari.

"Binti yangu, mimi nauza saruji," alisema. "Ya kuzibia ufa na ya kujengea ukuta ni ile ile. Nendeni Kibondo. Mkishinda, nitawaleta hao warefu unaowataka. Mkifungwa, mwalimu abomoe."

Kocha akaongeza, kama jambo dogo, kwamba mdogo wangu atabaki kwa vyovyote vile. Hilo ndilo nililoondoka nalo. Tushinde au tufungwe, nafasi yake ipo. Yangu ndiyo iliyokuwa inakwenda kuamuliwa Kibondo.

Tuliondoka asubuhi. Barabara ilikuwa vumbi jekundu mwanzo hadi mwisho, na kwenye gari mdogo wangu alinipisha kiti cha mbele, akanibebea begi, akanimenyea ndizi. Wema wake ulinichosha. Laiti angekuwa na kiburi, ningepata pa kumshika.

Wachezaji wa Kibondo nao walikuwa Waha, tena wajanja. Katika robo ya pili mmoja wao, mfupi aliyefunga kitambaa kichwani, alijibanza nyuma ya mchezaji wetu akapiga makofi. Msichana wetu akageuka na kumpa mpira bila kutazama, kama mtu anayeitikia salamu. Yule mfupi alikwenda kufunga huku uwanja mzima unacheka. Robo ya tatu akarudia, na tukaingia mtegoni tena. Ungefanyaje? Tulilelewa kwamba makofi huitikiwa. Yule wa kitambaa alikuwa amegundua mlango wa nyumba yetu usiofungwa.

Kabla ya robo ya mwisho kocha alituweka chini. Alisema tusipasi kwa masikio, tupasi kwa macho, na kuanzia hapo yeyote anayetaka mpira anyooshe mkono, asipige makofi. Sote tuliitikia kwa vichwa. Mdogo wangu aliitikia pia.

Robo ile aliicheza karibu peke yake. Tulikuwa nyuma kwa pointi nyingi akazipunguza moja moja, mpaka ikabaki pointi moja na sekunde chache, na mpira mkononi mwangu.

Naikumbuka hali ile kuliko siku niliyonunua cherehani yangu. Kushoto, chini ya kikapu, mdogo wangu alikuwa peke yake, maana aliyekuwa anamkaba alikuwa ameteleza. Alinyoosha mkono mmoja, kimya, kama alivyoagizwa. Kulia, nyuma kidogo ya bega langu, nikasikia makofi. Yalikuwa makavu na membamba, matatu yanayofuatana bila pumzi kati yake. Nilijua si yake.

Watu husema mambo ya namna hii hutokea ghafla. Hayakutokea ghafla. Nilipata muda wa kumwona mdogo wangu na kuona yatakayofuata: atafunga, watambeba mabegani, mama atasikia sokoni, na mimi nitabaki katika timu kwa hisani ya mtoto anayelala katikati ya vitenge vyangu. Nilikuwa nimeupigania ushindi ule dukani kwa mdomo wangu mwenyewe. Niliutaka. Lakini sikuutaka utoke katika mikono yake.

Nikapasi kulia.

Yule wa kitambaa aliudaka, filimbi ikalia, Kibondo wakaingia uwanjani wakiruka. Watazamaji walicheka, wakasema hilo ndilo kosa la Muha, ukimpigia makofi anakupa hata mke. Kocha alinijia polepole. Hakufoka. Aliniuliza tu ilikuwaje, na nilikuwa nimeshafungua mdomo, sijui kwa kusema nini, mdogo wangu akanitangulia.

"Mwalimu, ni mimi," alisema. "Nilisahau, nikapiga makofi. Dada akachanganya sauti. Kosa ni langu."

Hakupiga. Mkono wake mmoja ulikuwa juu, na mkono mmoja haupigi makofi. Nilikuwa na nafasi ya kusema hivyo, na watu wote walikuwa wananitazama. Nilifungua soda yangu, nikanywa.

Kocha akabomoa. Sote tuliozidi miaka ishirini na mitano tulishukuriwa mbele ya duka, tukapigwa picha. Wiki ileile aliniletea jezi yangu, namba nne, niliyoishona namba yake kwa mkono wangu, akaniomba niipunguze kiunoni ili imtoshe mdogo wangu. Nilikuwa fundi wao, ningekataaje? Niliipunguza. Nilishawishika kuipunguza zaidi ya kipimo, nikajizuia pale sindano ilipokuwa imeshaingia.

Sikukanyaga tena uwanjani. Habari za mechi nilizipata kwa bodaboda, na kwa misimu miwili zilikuwa zile zile: wamefungwa Kigoma, wamefungwa Kibondo, wamefungwa nyumbani. Nitasema ukweli ingawa haunipendezeshi. Kila walipofungwa, siku hiyo nilipika wali. Mdogo wangu alirudi amechoka, akala, akashukuru, nami nikamwambia kwa mdomo mtamu kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliitikia, ndiyo dada. Na kila asubuhi, bila kukosa hata moja, alikunja magoti mlangoni mwa chumba changu akapiga makofi yake, moja, halafu mawili. Nilimsikiliza kwa makini kama kuna kitu ndani yake, hasira au dharau. Sikusikia kitu. Nikaanza kuamini kwamba labda hajui, kwamba labda katika kelele zile alidhani kweli amepiga.

Mwaka 2016, mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa tena Kibondo, na safari hii akina mdogo wangu wakishinda walikuwa wanaongoza ligi. Mzee wa duka alisimamisha gari mbele ya cherehani yangu, akasema nipande, nikaone ukuta. Nilitafuta udhuru nikaukosa.

Walikuwa wamekuwa timu. Wasichana wale wale waliofungwa misimu miwili walikuwa wanajuana kama vidole. Lakini mimi sikutazama mchezo, nilitazama mikono. Kila mmoja alipiga makofi akitaka mpira. Uwanja mzima ulilia makofi, ya kwetu na ya Kibondo, kila mtu ameshajifunza kutofautisha. Mdogo wangu peke yake hakupiga. Alinyoosha mkono akasubiri, na mara nyingine alisubiri mpaka nafasi ikapotea. Nilimuuliza kocha kwa nini. Alisema ameanza tangu siku ile ya kufungwa, aliwahi kumwambia agizo lile limekwisha, lakini msichana akasema amezoea.

Walishinda. Wivu haukuniacha, hata nilipopiga kelele pamoja nao. Waliponiona, wote walikuja kunisalimia kama mtu mzima wa timu, na mdogo wangu akaja wa mwisho, jezi namba nne imelowa mgongoni. Nilimwuliza kwa nini hapigi makofi kama wenzake. Nilijaribu kuliuliza kama swali la mchezo tu.

Alijifuta uso kwa pindo la jezi kwanza.

"Makofi yangu unayajua, dada," alisema. "Nimeyaacha yawe ya kukusalimia tu."

Hakusema kwa ukali. Akachukua begi langu, akaniwahia kiti cha mbele, na njia nzima hadi Kasulu alizungumza na mzee habari za mtihani wake wa kidato cha nne.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema nikakaa kitandani, nikijua anakuja. Alikunja magoti mlangoni, mrefu kiasi kwamba hata akiwa amekunja alikuwa karibu kulingana na mimi. Akaviviringa viganja. Moja, halafu mawili ya haraka. Mwakeye, dada. Kwetu makofi huitikiwa, nami niliitikia, na kila moja nililisikia shavuni.