Ujumbe wa Mke Mdogo kwa Wakulima wa Korosho

Tik. Halafu tik. Halafu tik-tik-tik-tik bila kupumua, kama bisi zinapasuka kwenye sufuria lililofunikwa. Mlio huo ulitoka kwenye kidude cha kutuma meseji kilichochomekwa nyuma ya kompyuta ya ofisi yetu pale Masasi. Kila meseji moja ikiondoka kidude kilikuwa kinalia tik mara moja, na mimi siku ile nilikuwa nimekusudia tik moja tu.

Jamani, naona aibu hata kuandika, na kuna watu Newala ambao mpaka leo wakiniona wanauliza sukari iko wapi, lakini bora niseme mwenyewe kuliko msimuliwe na watu wa Mnyambe, maana wao wanaongeza chumvi.

Nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo sitazitaja hapa, cheti kingine cha kompyuta, na ndoto kubwa kuliko vyeti vyote viwili. Ilikuwa miaka ile soko la korosho limefunguliwa, kila mwenye lori anakuja kununua, na asiye na mizani anakuja na bakuli (ndiyo kangomba hiyo, unapimiwa kwa bakuli, na bakuli lenyewe limegongwa nyundo kwa ndani likatuna kama shavu la mtoto mwenye jipu la jino). Simu za mkononi nazo ndiyo kwanza zinapanda mlima kuingia Newala. Basi kampuni moja ndogo ya teknolojia kutoka Dar es Salaam ikafungua ofisi Masasi, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, ili mkulima akae kwake atumiwe meseji ya bei ya korosho ya siku hiyo, asidanganywe na mwenye bakuli. Na mimi nikapokewa pale kwa mafunzo ya miezi mitatu chini ya meneja wa bidhaa, Dada Neema, mwanamke mrefu mwenye miwani, anayeongea taratibu hata akiwa na haraka.

Nyumbani hawakuelewa. Mama alitangaza mtaa mzima kwamba mwanawe anasimamia bidhaa, jirani wakaanza kuja na vikapu kuulizia sabuni ya bei ya jumla.

"Mama, bidhaa yenyewe ni meseji," nikamwambia.

"Meseji ndiyo inasimamiwa? Inakimbia?"

(Baadaye nilijua kwamba inakimbia sana.)

Kazi niliipenda, jamani. Nilizunguka Makote na Lukuledi na daftari, nikiuliza watu simu wanachaji wapi, anayesoma meseji ni nani, wanauza lini na kwa nini. Dada Neema akasema nina masikio mazuri. Akaniambia wazi: tukimaliza mkutano wa majaribio kule Mnyambe Jumamosi, siku yangu ya mwisho ya mafunzo, na ukienda vizuri, ataniandikia barua nichukuliwe moja kwa moja niwe msaidizi wake. Nilikuwa nimeshachagua hata pochi ya kubebea barua hiyo.

Sasa Alhamisi Dada Neema akatoka kwenda benki. Akaniambia, "Zuhura, jaribu kama kidude kinatuma. Tuma kwenye namba yako, mara moja tu." Simu yangu nilikuwa nimeiacha kwa fundi inachajiwa. Mtu mwenye akili angeifuata, hatua hamsini tu. Mimi nikawaza, ya nini jua lote hili, namba ya Babu si imo kwenye orodha? Ngoja nitume kwa Babu.

Babu yangu anaishi Mnyambe, na kama mnavyojua kwetu, babu na mjukuu wa kike ni mtu na mkewe kwa utani. Tangu nina meno ya utoto ananiita mke wangu, na bibi yangu ni mke mwenzangu, tunagombana kwa matusi mazito tukionana, halafu ananichinjia kuku. Nikawaza, nikimwandikia maneno ya kiofisi Babu hatajua ni mimi. Basi nikaandika hivi (nayakumbuka neno kwa neno, sina namna ya kuyasahau):

"Mume wangu, Jumamosi nakuja Mnyambe. Mwambie huyo bibi kizee wako afungashe virago mapema, kitanda ni changu. Nakuletea sukari. Ni mimi mkeo mdogo."

Nikacheka peke yangu. Nikabonyeza.

Kumbe pale juu pana kijidirisha cha kuchagua atakayetumiwa, na asubuhi Dada Neema alikuwa ametuma tangazo la mkutano kwa wakulima wote, na kijidirisha kilibaki vilevile: WOTE. Tik, tik, tik. Nikachomoa waya wa kompyuta ukutani, kidude kikaendelea, kumbe kina betri yake. Nikakifunika kwa mtandio wangu kana kwamba kitaona giza kinyamaze. Kilikuja kunyamaza chenyewe, baada ya nyumba mia mbili na ushei za uwanda wa Newala kupokea habari za mke mdogo, na tena kutoka namba ileile iliyowaambia asubuhi kwamba Jumamosi kampuni inakuja!

Nilitaka kutuma ya kuomba radhi. Salio limekwisha. Na hapo ndipo nilipofanya kosa lililo kubwa kuliko la kwanza: Dada Neema aliporudi akauliza, "Kimetuma?" nami nikajibu, "Kimetuma vizuri sana."

Uongo haukuwemo. Ndiyo maana jibu lilipita kooni.

Ijumaa simu ya ofisi ikaanza kulia, na kila ikilia naiwahi mimi.

"Binti, hiyo sukari ni kilo ngapi?" mzee mmoja akauliza kwa heshima kabisa.

Mwingine akasema, "Mimi mke wangu alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Kitanda kipo wazi. Njoo na ndugu zako tuzungumze."

Wa tatu hakuwahi kusema, nyuma yake ikasikika sauti ya mwanamke: "Muulize jina! Muulize jina, nasema!" Nikakata, nikamwambia Dada Neema wamekosea namba. Akasema, "Leo wanakosea sana." Nikasema mtandao, dada, mtandao huu. Usiku ule nilijipa moyo kwamba pengine kule juu hawakuichukulia kwa uzito, watu wana mashamba yao, nani ana muda?

Jumamosi tukapanda na pikapu ya ofisi, Dada Neema akiwa amechangamka, akisema kwenye bidhaa mpya watu thelathini wakija ni baraka. Tulipofika uwanja wa shule Mnyambe hatukukuta thelathini. Tulikuta umati. Wanaume walikuwa wamekaa pembeni kimya kama wanaosubiri sindano, na katikati wamejaa wanawake, kanga zimekazwa viunoni, na (Yarabi!) wengine wamebeba mikeka iliyokunjwa, masufuria, magodoro yaliyofungwa kamba.

"Wamekuja kutoka mbali," Dada Neema akaninong'oneza, macho yanang'aa. "Tazama, wamekuja na vitu vyao walale. Zuhura, umefanya kazi kubwa!"

Mimi nilikuwa natafuta mlango wa kutokea, na uwanja hauna mlango.

Akasalimia, akajieleza vizuri, kisha akauliza lile swali tulilofundishana tuanze nalo. "Nani kati yenu amepata ujumbe wetu?"

Mikono yote juu.

"Vizuri sana! Na ujumbe wetu umewasaidiaje nyumbani?"

Mbuzi mmoja akalia. Halafu akainuka mama mmoja mnene, ana godoro kichwani na hakulishika hata kwa mkono. Nilikuja kumjua baadaye, anaitwa Mama Sharifa.

"Umetusaidia kufungasha," akasema. "Tumeambiwa tufungashe mapema. Tumefungasha. Sasa huyo mke mdogo ajitokeze atuoneshe hiyo sukari, maana kama anawataka wote hawa," akawazungushia wanaume kidole, "atahitaji kiroba."

"Mama yangu, ujumbe upi?" Dada Neema akauliza.

Mama Sharifa akatoa simu kifuani, akasoma. Alisoma kwa sauti ya mtu aliyemaliza darasa la saba na kufaulu, bila kuruka hata nukta. Alipofika "ni mimi mkeo mdogo" wanawake wakapiga vigelegele vya shari.

Dada Neema akaichukua simu, akaangalia namba, akaiangalia tena. Halafu akageuka taratibu.

"Ni mimi," nikasema. "Ilikuwa ya Babu. Nilimtania babu yangu. Nilitaka iende moja."

"Kifaranga hiki?" mmoja akasema nyuma. "Hiki ndicho kimenilaza macho siku mbili?"

"Babu, babu! Wote wakishikwa husema babu!"

"Babu mwenyewe yuko wapi?"

Na hapo, ndugu zangu, akatokea Babu. Kanzu imepigwa pasi, kofia mpya, manukato yanamtangulia. Akapita katikati ya wanawake wale kama bwana harusi, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nimekuja kumpokea mke wangu! Karibu nyumbani, mama. Kitanda nimetandika."

Kelele iliyopigwa pale sijapata kuisikia tena. Dada Neema akanishika mkono akawa ananivuta kwenye gari, maana yeye ni mtu wa kaskazini, kwao mzee akisema hivyo mbele za watu wanaitwa polisi. Nikajaribu kumweleza, maneno yakanigeuka mdomoni.

Aliyeniokoa ni bibi yangu. Alikuja nyuma ya Babu kwa mwendo wake wa kuvuta mguu, akasimama mbele yangu, akanipima kuanzia kisigino hadi utosi.

"Mtazameni!" akawaambia wenzake. "Mtazameni mke mwenzangu! Huyu ndiye wa kuninyang'anya mume? Ugali wake una madonge kama ngumi. Juzi juzi hapa nilikuwa namfuta kamasi kwa kanga hii hii. Njoo! Njoo umchukue huyo mzee, na kikohozi chake uchukue, na miguu yake ya baridi uchukue, mimi nipumzike!"

"Shikamoo, bibi kizee," nikajibu, maana ndivyo ninavyomjibu siku zote. "Bado hujahama tu?"

"Marahaba, mwizi wewe!"

Na akanikumbatia. Wanawake wakaangaliana. Mama Sharifa akashusha godoro, akalikalia, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Aka! Kumbe ni utani wa babu! Tumebebana na magodoro kwa ajili ya utani wa babu!" Waume zao nao wakaanza kucheka, ila kwa tahadhari.

Mkutano ukaendelea, na ulikuwa mzuri. Mama Sharifa alisema kwa kuwa wanaookota korosho, wanaoanika na wanaozisoma hizo meseji ni wao wanawake, basi bei nayo waipate wao kwanza, waume zao wakiwahi kuiona wanakimbilia kwa mwenye bakuli kutafuta pesa ya haraka. Wote wakaitikia. Dada Neema aliandika kurasa nne.

Kisha akaniita kando ya gari. Hakupandisha sauti.

"Barua sitaiandika, Zuhura."

"Kwa sababu nilikosea kutuma."

"Kukosea kutuma, hata mimi nimewahi. Ulikaa na mimi siku mbili ukijua watu hawa wanalala na hasira, ukaniambia ni mtandao. Anayesimamia bidhaa husema mapema, hata kama inamuumbua. Ukitaka, utarudia miezi mitatu upya. Fikiri."

Nilitaka kulia nikaona si mahali pake. Nikasema nimeshafikiri, nitarudia. (Mama alipoambiwa alisema kumbe meseji ina kidato cha kukariri.) Na nimeapa: jambo nililoliharibu nitalisema kwa kinywa changu kabla halijafika kwa mwingine, hata kama kinywa chenyewe kinakauka. Na utani sitaupeleka tena bila uso wangu juu yake, kwa sababu meseji haina meno ya kuonesha kwamba mtu anacheka.

Wakati wa kuagana, Mama Sharifa akanivuta kanga. "Wote tumekusamehe, binti. Ila Mama Fadhili hakuja. Alimtoa mumewe nyumbani tangu Alhamisi, mwanamume analala kwa dada yake. Yule hapendi masihara."

Gari likaondoka bila mimi. Nikalala kwa Babu, na Jumapili asubuhi Bibi akataka kunisindikiza, nikamwomba aniache.

Nyumba ya Mama Fadhili nilielekezwa, iko mwisho wa kijiji, mlango umefungwa kwa kipande cha kamba. Nikapiga hodi mara tatu. Hakuna mtu. Mlangoni palikuwa na ndoo tupu imeinamishwa, na mtu anayejua Mnyambe anajua ndoo tupu asubuhi maana yake nini: maji ya siku hayajatekwa, na foleni ya bomba ni ndefu. Nikaichukua. Nikaenda kupanga foleni bombani, nikasimama nyuma ya ndoo nyingi, wanawake wakiulizana chini chini kama ndiye au siye. Zamu yangu ilipofika nikajaza, nikajitwisha, nikarudi polepole maji yakinidondokea shingoni. Nikaitua kizingitini, nikaifunika kwa mtandio wangu, nikaketi barazani kumsubiri mwenyewe.