Jogoo Niliyemuuza Mara Tatu

Aibu zangu nyingi Mungu amezifunika, nami namshukuru, lakini hii moja aliiacha wazi mchana kweupe, mbele ya wanafunzi, wazazi, mkuu wa shule na mama mmoja aliyesafiri kutoka Tanga, na kwa kuwa kila mtu hapa Ringwani anaisimulia kwa namna yake (wapo wanaosema nilikimbia na jogoo kwapani, si kweli, sikukimbia), nimeona afadhali niisimulie mwenyewe kabla sijazeeka zaidi na kuanza kuamini ya kwao.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi, Jumapili ya mavuno, mimi ndiye ninayesimama nje ya kanisa kunadi vitu ambavyo waumini wametoa, mihogo, mayai, karanga, kuku. Sasa kwetu kuna desturi. Mtu akinunua kitu kwenye mnada wa namna hiyo, mara nyingi hakichukui. Analipa, kisha anasema, "Narudisha," watu wanapiga vigelegele, na kitu kile kile kinanadiwa upya. Niliwahi kunadi boga moja mara saba hadi likapasuka kwa kushikwashikwa. Hakuna aliyetufundisha desturi hiyo, tumekua nayo, kwa hiyo haikunijia hata siku moja kwamba yupo mtu duniani asiyeijua.

Sekondari yetu wakati huo ilikuwa na klabu ya wanafunzi ya huduma kwa jamii. Nawakumbuka vijana wale kwa upendo mwingi. Kila Jumamosi asubuhi nilikaa nje ya nyumba yangu nikawaona wakitoka mtoni kuelekea zahanati, madumu ya njano vichwani, wanaimba na kutaniana, maji yakiwamwagikia mabegani, kwa sababu zahanati haikuwa na maji na mama akijifungua ilibidi ndugu zake wakimbie mtoni na ndoo huku yeye anasubiri. Watoto wale waliibeba kazi hiyo karibu miaka mitatu bila kulipwa hata peremende. Lakini waliokuwa mstari wa mbele walikuwa kidato cha nne, na mtihani ulikuwa unakaribia. Ndipo wakaamua kununua simtanki, lile tangi kubwa jeusi, liwekwe chini ya bati la zahanati likinge maji ya mvua. Walipalilia mashamba ya watu, wakafyatua matofali, wakauza mboga, na bado walipungukiwa laki moja na kidogo. Wakafikiria mnada. Na ukifikiria mnada Ringwani, unanifikiria mimi (au tuseme wakati ule ulinifikiria mimi).

Mwenyekiti wao, binti mmoja mtulivu aitwaye Rhobi, alikuja nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu kiti."

Hakukaa. "Klabu imenituma nikuombe utunadie vitu vyetu Jumamosi."

"Mbona hilo umeshapata!"

"Asante, Mwalimu. Ila watumishi watakuwepo, manesi na walimu wapya, na wengine ni wageni huku kwetu. Labda ungeanza kwa kuwaeleza utaratibu kidogo."

Nikacheka. Nikamwambia, "Binti, mimi nilianza kunadi baba yako akiwa anachunga ndama. Mnada ukiuelezea, unapoa."

"Sawa, Mwalimu," akasema, kwa ile sauti ambayo watoto wanaitumia wakati jambo si sawa hata kidogo. Nilifundisha miaka thelathini na sita, sauti hiyo naijua. Nikaipuuza.

Jumamosi ikafika. Wanafunzi walitoa meza madarasani, wakazipanga uwanjani, kanisa likatuazima kipaza sauti, na mimi nikavaa koti nililoshonewa kwa harusi ya mwanangu ingawa jua lilikuwa la kuanikia ulezi. Nilianza vizuri. Karanga zilikwenda, mayai yakaenda na kurudi na kwenda tena, watu wakacheka, nikajisikia kijana. Kisha wakaniletea jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye kujiona kama diwani.

Mstari wa mbele alikaa Sista Mwanaidi, muuguzi wa zahanati yetu, pamoja na mama yake aliyekuwa amefika juzi yake kwa basi kutoka Tanga. Kuna jambo nilikuja kulijua baadaye. Sista yule, Mwislamu pekee mtaani kwetu, nyama ya buchani alikuwa haigusi kwa kuwa hakujua imechinjwa na nani, na kwa miaka miwili aliishi kwa dagaa na maharage bila kumlalamikia mtu. Siku ile alitaka kuku mzima, ampeleke kwa muuza duka mmoja wa dini yake, kijiji cha pili, amchinje, ampikie mama yake chakula cha heshima. Basi akapandisha bei mpaka watu wakamgeukia. Elfu ishirini na tano! Kwa jogoo! Nikampigia makofi, mwanafunzi akampelekea jogoo, naye akampokea, akamtazama, kisha akamrudishia yule mwanafunzi ili apate mikono miwili ya kufungua pochi yake.

Mimi nikaona jogoo anarudi.

"Sista amerudisha!" nikapaza sauti. "Jamani, mgeni wetu kutoka pwani amerudisha! Mpigieni!"

Vigelegele vikapanda. Na hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli ambao wanaoisimulia habari hii hawaujui. Nilimwona uso. Sista alikuwa na noti mkononi, akanitazama, akafungua mdomo kidogo, akaufunga, kisha akamtazama mama yake. Mtu aliyerudisha kwa hiari hana uso ule. Nilijua kuna kitu hakijakaa sawa, nilikijua palepale, lakini watu walikuwa wamechangamka, na ulimi wangu ulikuwa umeshashika njia, nikajiambia nitamuuliza baadaye. Nikaendelea.

Mkuu wa shule akamnunua kwa elfu thelathini, akarudisha kweli, kwa sauti, mkono juu. Ndipo akasimama mzee mmoja nyuma, Marwa, mfugaji aliyekuja kutoka Itiryo kumwona mjukuu wake aliyesoma hapo. Alikuwa ameshika fimbo na kuvaa kofia pana, na hakutaka kushindwa na sisi watu wa Serengeti.

"Laki moja," akasema. "Na mimi sirudishi. Huyu namla."

Uwanja ulilipuka! Wanafunzi walirukaruka wakakumbatiana, maana hesabu waliijua kichwani, tangi lilikuwa limepatikana. Marwa akahesabu noti, akampokea jogoo, akamfunga miguu na kumweka chini ya kiti chake. Nami nilisimama pale nikijifuta jasho na kumshukuru Mungu kwa kipaji alichonipa (ndivyo nilivyosema, kipaji, kwenye kipaza sauti).

Kelele zilipotulia Sista Mwanaidi akanyanyuka, akaja mbele taratibu.

"Shikamoo, mzee wangu. Samahani. Kuku wangu nimchukue wapi?"

"Kuku gani tena, Sista? Si ulirudisha?"

"Nilirudisha wapi, baba? Nilimpa mtoto anishikie nitoe pesa. Nimelipa, kisha nikaona mnamuuza. Nikadhani pengine ndivyo mnavyofanya huku, mnauza kwanza halafu mnanipa."

Kipaza sauti kilikuwa bado kidevuni mwangu, kwa hiyo kila neno lake lilikwenda hadi barabarani. Mama yake, bibi mwembamba aliyejitanda kanga mbili, akasema bila hasira yoyote, na ingekuwa heri angekasirika:

"Mwanangu, hawa ndio uliosema wakarimu?"

Mtu mwenye akili angeomba radhi hapo na mambo yangeisha. Mimi nilifikiria laki ya Marwa. Nikamsogelea Sista, nikainama, nikamnong'oneza, "Binti yangu, tuachie tu hivi hivi. Ni kazi ya Mungu, atakulipa mara mia."

Nilinong'ona, lakini kipaza sauti hakijui kunong'ona. Sauti yangu ilitoka kwenye ile spika kubwa juu ya mti, nene kama ya mhubiri, ikilitumia jina la Mungu kama kamba ya kumfungia kuku wa mtu. Na nyuma kabisa kijana fulani akajibu:

"Mwalimu, Mungu ana kuku wake!"

Walicheka wote. Wazee wa kanisa wenzangu walicheka. Mke wangu peke yake hakucheka, alijifunika uso kwa kitenge, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Nikamwendea Marwa (safari hii nikiwa nimekizima kipaza sauti, ingawa palikuwa hapana cha kuficha tena), nikamwomba jogoo, nikamwahidi wa kwangu wawili.

"Mura," akaniambia, kana kwamba mimi ni kijana wa kuchunga, "kwetu ng'ombe akishanunuliwa mnadani humfuati mnunuzi. Lakini kama umeniuzia cha mtu, sema. Sema wazi, nikupe jogoo, unipe laki yangu. Sitaki maneno ya katikati."

Nikageuka. Wale watoto walikuwa wamejikusanya kando ya meza, hawarukiruki tena. Nilitamani mmoja wao aniambie, Mwalimu, usikubali. Rhobi akanijia, akasema polepole:

"Mwalimu, mrudishie tu. Tukinunua tangi kwa kuku wa Sista, kila siku akifungua bomba atakumbuka."

"Na maji ya zahanati je?"

"Tutabeba."

Alikuwa na mtihani baada ya wiki nane, mtoto yule, na akasema tutabeba.

Nikawasha kipaza sauti. Nikasema kwamba Sista hakurudisha, kwamba nilimwona usoni kwamba hakurudisha, kwamba nikaendelea kwa sababu nilikuwa napenda makofi, na kwamba jina la Mungu nimelitaja pasipostahili na ninaomba radhi kwake Yeye, kwa Sista na kwa mama yake. Sikumbuki kama nilisema zaidi. Marwa alinyanyuka, akanipita bila kunitazama, akamwekea yule bibi wa Tanga jogoo miguuni kwa mikono miwili, akavua kofia. "Mama, chukua. Sili cha mgeni." Kisha akarudi, akanyoosha kiganja, nami nikamrudishia laki yake. Alitoa elfu ishirini akampa Rhobi, akasema hiyo ni ya watoto, si ya mnadi. Na mkuu wa shule naye akaniambia, akicheka, kwamba elfu thelathini zake nizihesabu kama sadaka maana hata yeye amenunua kisichouzwa.

Tangi likawa halijapatikana.

Kesho yake baada ya ibada mke wangu alinikabidhi mtetea wake bora na kunielekeza nyumba ya Sista, kana kwamba sijui ilipo. Nilikwenda nikijiandaa kuzungumza mlangoni tu. Yule bibi alinivuta ndani. Alikuwa amekuja na nazi zake kwenye mzigo, akanipakulia wali, na juu ya wali alikuwa jogoo mwenyewe, mwekundu hata baada ya kupikwa. Nikasita.

"Kula, baba," akasema. "Umemuuza mara tatu, ni haki umwonje."

Nilikula. Sijawahi kula kuku mtamu vile, wala mgumu kummeza vile.

Na Jumamosi iliyofuata nilitoa baiskeli yangu, nikafunga madumu manne, nikawafuata wanafunzi mtoni. Hawakuniita na sikuwaomba ruhusa. Siku ya kwanza walinyamaza kwa heshima. Ya pili mmoja akapaza sauti, "Hili dumu nani ananunua?" na mwenzake akajibu, "Narudisha!" na wote wakaangua kicheko wakinitazama kwa hofu, nami nikacheka, na tangu hapo tukawa marafiki. Tulibeba hivyo wiki nane. Wakati wa mtihani tuliobaki tulikuwa mimi, vijana wachache wa kidato cha tatu na, amini usiamini, wazee wawili wa kanisa walioona haya kunitazama nikisukuma peke yangu. Mavuno yalipofika, kanisa likatoa fedha iliyobaki.

Siku simtanki liliposhushwa nilifurahi kama wengine. Lakini Jumamosi iliyofuata niliamka mapema kwa mazoea, nikatoa baiskeli, nikasimama nayo uani nisijue pa kwenda. Rhobi na wenzake walikuwa wameshaondoka, kila mtu kwao. Hadi leo nikiona dumu la njano moyo wangu unageuka kulitazama.

Wananiuliza kama nimeapa kutonadi tena. Hapana, nanadi, na sasa naanza kwa kueleza utaratibu hadi wengine wanasinzia. Nilichoapa ni kingine: nikiona uso wa mtu umebadilika, nasimama hapo hapo, hata vigelegele viwe vimepasua anga. Mavuno ya mwaka jana niliusimamisha mnada mzima kwa sababu ya mama mmoja aliyekunja uso baada ya kununua kikapu cha viazi. Nikakizima kipaza sauti, nikamfuata alipokaa, nikamuuliza kwa upole kama ameridhika au kuna jambo linamsumbua.

"Jino, Mwalimu," akasema. "Endelea tu."

Nikamwombea jino lake, nikaendelea.