Daktari Aliuliza, Mimi Nikasema Hapana

(Mwenye barua hii ameomba jina lake lisitajwe. Tumeichapa kama ilivyotufikia.)

Sasa hivi tu mwanangu wa miaka mitatu amechukua kijiti cha ufagio akamchoma baba yake mkononi, eti, "Tulia nikudunge, usilie." Mimi nikacheka. Baba yake hakucheka. Alikitwaa kile kijiti akakivunja. "Mchezo huo sitaki nyumbani mwangu. Sindano nusura ikufanye yatima." Mtoto akanikimbilia analia, nami nikaona nisipoandika leo sitaandika tena.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na miwili, nilisoma hadi darasa la sita, mnisamehe mwandiko. Tunakaa nje kidogo ya Malindi. Mume wangu ni seremala katika hoteli ya watalii, mtu mzima wa miaka arubaini na mitano, mpole, hajaniinulia mkono hata siku moja. Tunaishi na mamake, na mama huyu ananipenda kama aliyenizaa. Hilo ndilo linalonifunga mdomo.

Miezi miwili iliyopita mume wangu alianza kubanwa na kifua. Mama mkwe akasema ni damu chafu, akamwita mzee wa kupiga chuku. Mgongo ukachanjwa kwa wembe, pembe zikabandikwa, damu ikafyonzwa. Kesho yake asubuhi mume wangu akaanguka akivaa viatu, jasho linamtiririka, mkono wa kushoto hausikii. Gari la hoteli likatukimbiza sote watatu hadi hospitali kubwa Mombasa. Pale Kilifi feri ilikuwa ng'ambo, tukaingoja, nikawa namhesabia pumzi.

Daktari alitueleza vizuri kabisa, siwezi kusema sikuelewa. "Damu imeganda, imeziba mshipa wa moyo. Tuna dawa mpya ya kuiyeyusha, inaingia mshipani polepole. Lakini dawa hii haichagui. Ikikuta kidonda kibichi popote, kitafunguka nacho. Je, amepasuliwa, amekatwa, amechanjwa siku hizi?"

Mume wangu alikuwa amewekewa hewa, macho yamefumba, hana habari. Mama mkwe akanikanyaga mguu. Alichelea tutakemewa mbele za watu.

"Hapana, daktari."

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika."

Jamani, dawa ile niliiona ikifanya kazi kwa macho yangu. Saa nzima haijaisha, uso wake ulirudiwa na rangi, akafumbua macho akaniambia, "Kifua kimeachia." Nilimshukuru Mungu. Kisha nikaona shuka chini ya mgongo wake limekuwa jekundu, na wekundu unatambaa.

Muuguzi alimgeuza, akaziona zile chale. "Nyinyi akina mama, kwa nini hamkusema?" Dawa ikakatizwa, wakamkandamiza mgongo, wakamwongeza damu. Siku mbili hakutambua mtu. Alipona, lakini tangu siku hiyo moyo wake umeichukia hospitali.

"Daktari gani anamdunga mtu bila kumuuliza?" husema kila tukila. "Angeuliza, si mngemwambia?"

"Hakuuliza, mwanangu," mama mkwe humjibu. "Au vipi, mkaza mwanangu?"

Nami huitika. Kisha humwongezea mchuzi.

Vidonge alivyopewa amevitupa chooni. Siku ya kurudi kliniki ilipita, hakwenda. Na tangu Jumatatu kifua kinambana tena. Anajificha, lakini mke huona: hupanda ngazi tatu za ukumbini akasimama, akajifanya anatazama kuku. Nikimwambia twende, hunijibu, "Bora nife kitandani pangu kuliko kuchuruzika damu kama mbuzi." Mama mkwe naye amempelekea habari yule mzee aje Ijumaa na pembe zake, na akichanjwa tena, ile dawa ya mshipani hawezi kupewa.

Jana jikoni nilimpigia magoti. "Mama, tumwambie ukweli."

"Tumwambie nini? Kwamba mama yake alitaka kumuua? Nitaweka wapi uso wangu?" Akalia, nikalia naye, tukamenya mihogo hivyo hivyo.

Hofu yangu si kuachwa tu, ingawa nikiachwa sina pa kwenda na mtoto. Daktari alituonya asipewe habari za kumshtua. Je, nikimwambia mdomo wa mkewe ndio uliomwaga damu yake, moyo ule utastahimili? Na nikinyamaza, atakubali vipi kurudi kwa watu waliomwokoa? Bado nina matumaini. Namjua mume wangu, akielewa kitu huelewa. Ila sijui nianzie wapi.

Ndugu wasomaji, dada na kaka zangu, nishaurini, nifanye nini? Nimwambie mwenyewe, au nimwendee daktari kwanza anisaidie, maana Ijumaa ni

Mama mkwe ananiita kutoka uani. "Mkaza mwanangu! Mzee amekuja mapema, yuko hapa. Mwanangu ashavua shati. Lete maji ya moto na ule wembe mpya!" Na mimi bado sija