Siku Tuliyomkimbia Baba

Juzi mjukuu wangu kaja likizo kutoka jeshini. Alishuka treni pale stesheni ya Dodoma, akaja kwa miguu hadi kwetu Nzuguni na magwanda yake yaliyopigwa pasi, na watoto wa mtaa mzima wakamkimbilia. Mmoja kavaa kofia yake, mwingine kang'ang'ania begi lililomzidi uzito. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Mkwe wangu akaniuliza nacheka nini, nikamwambia: baba yangu naye alipopewa ruhusa na Mjerumani tulikimbia hivyo hivyo, ila sisi tulikimbilia porini.

Hakunielewa. Wewe basi, rafiki yangu, nikueleze taratibu.

Kwetu kulikuwa ni tembe, nyumba ndefu ya udongo yenye paa la udongo pia, limelala sawasawa, nayo ilizunguka zizi pande zote. Ulilala ukisikia ng'ombe wanacheua. Asubuhi palinuka samadi na moshi, na chungu cha mlenda kikichemka na magadi yake. Baada ya mavuno tulianika uwele na vipande vya maboga juu ya paa, na sisi watoto tulishinda huko juu tukifukuza ndege. Raha tupu, ila macho yetu yalikuwa na kazi nyingine: kutazama njia itokayo bomani, kwenye ngome ya Mjerumani.

Maana askari wakija, walikuja kwa ajili ya kodi, na kodi isipotosha waliswaga ng'ombe. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Aliyeona kofia zao alipiga kelele mara moja tu. Wanaume walitoa mifugo, kina mama wakasokota majani na kuyashindilia ndani ya kengele za ng'ombe zisilie, nasi watoto tukashika mbuzi. Mbuzi wangu alikuwa jike mmoja mwenye kelele kama mwimbaji wa ngoma. Kufumba na kufumbua tembe lilibaki tupu, sote tumo kwenye kichaka cha miiba nyuma ya kilima.

Baba alichukuliwa kuwa askari nikiwa bado sijaota meno ya pili. Jumbe, mkuu wa kijiji chetu, aliamriwa apeleke vijana wenye nguvu, akamtaja baba. Aliacha dume lake jeusi, alilolilea mwenyewe kwa kibuyu cha maziwa tangu likiwa ndama lililofiwa na mama. Alikuwa na mwito wake wa kuliita, maana kwetu kila mwanamume huwa na mwito wake, na dume lile halikuitika mwito mwingine.

Misimu ikapita bila baba kuonekana. Jirani yetu, mzee mwenye mdomo mkali, alipenda kusema, "Aliyekula chakula cha boma si wa kwetu tena. Siku atakayorudi, atarudi kuhesabu ng'ombe." Bibi, mamaye baba, alitwanga kwa nguvu zaidi. Mimi nilimchukia yule mzee, lakini usiku nilijiuliza kama anasema kweli.

Basi mchana mmoja wa kupura uwele, nani akaiona kofia ya askari njiani? Mimi. Nikapiga kelele vizuri sana, najisifu. Tukatoka mbio, hata ugali tukauacha mwikoni.

Tulikaa kichakani tukinyonya vidole vilivyochomwa na miiba. Kimya. Kisha kutoka upande wa tembe ukasikika mwito, mrefu, wa kupanda na kushuka. Dume jeusi likainua kichwa, likalia kwa sauti ya kutikisa kichaka.

"Mzibeni mdomo huyo!" jirani akanong'ona kwa hasira. "Mnataka tuswagwe sote bomani?"

"Ni yeye," mama akasema. "Lakini kama wamemlazimisha awaongoze?"

Bibi alikuwa ameshika kamba ya dume. Mwito ukaja tena, mara hii umekatika katikati, kama wa mtu aliyekabwa koo. Bibi akasema, "Mwanangu hawezi kuniita ili aniuze." Akafungua kamba.

Dume likaondoka, ng'ombe wote nyuma yake, na mbuzi wangu akaniburuta nami. Tulimkuta baba peke yake, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, kifua wazi, magwanda ameyatupia mbali ukutani. Amekonda. Dume lilikuwa linamlamba bega.

"Mbukwenyi," akatuamkia kwa lugha ya kwetu, kwa sauti ndogo.

"Kwa nini hukutuma mtu aseme unakuja?" bibi akafoka.

"Ningemtuma nani, mama? Nimepewa ruhusa, nikatoka mbio wasije wakaghairi."

"Na nguo zile!"

"Sina nyingine, mama."

Hapo bibi akaangua kilio, nasi sote tukaangua. Furaha ile siwezi kuipima. Jirani alitoka kichakani wa mwisho, akasahau kutoa majani kwenye kengele, ng'ombe wake wakashinda mabubu hadi kesho yake. Alichekwa, akacheka mwenyewe, akaleta kibuyu cha maziwa.

Baba alisema bomani wengi walikuwa wanatoroka, na yeye alikuwa ameacha kula na kuimba, mpaka shaushi, mkubwa wa kikosi chao, akamwambia mzungu: mpe huyu ruhusa, askari asiyecheka ni mzigo kwa wenzake. Kwetu alilala kama gogo, akala mlenda hadi akatoa jasho. Siku ya tatu bibi akamwekea fimbo ya kupuria mkononi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema, "ila jembe halina kazi msimu huu." Baba akapura akiimba. Alipoondoka, tulimsindikiza hadi mtoni, jirani mbele yetu sote. Akawa anakuja kila baada ya mavuno, na Mjerumani alipoondoka, akarudi moja kwa moja.

Tembe lile limekwisha kubomoka. Kichaka kilikatwa kuni, na vijana wa sasa huswaga ng'ombe kwa mluzi mmoja wote. Sisikitiki sana, hakuna anayehitaji kujificha tena.

Uzeeni nilimwuliza baba kwa nini mwito wa pili ulimkatikia kooni. Akasema alikuwa amejiapiza: kivuli cha ukuta kikifika kwenye kinu kabla hatujatokea, atavaa magwanda, arudi bomani, asiombe ruhusa tena maisha yake yote.

"Kilikuwa kimebakiza kiasi gani?" nikamwuliza.

Alinyoosha mkono, akanionyesha upana wa kiganja chake.