Siku Shangazi Aliposhika Kiko

Sauti ninayoikumbuka kabla ya zote ni ya maji yanayochemka bila moto chini yake: gurugururu, kimya kidogo, kisha gurugururu tena. Ilikuwa sauti ya kiko cha nkambo wangu, kibuyu chenye maji tumboni na bakuli dogo la udongo juu ya mwanzi. Nkambo ndivyo tulivyowaita bibi zetu. Huyu wangu alinilea tangu mama yangu, binti yake wa pekee, alipofariki nikiwa bado nanyonya, na baba akabaki mjini Kasongo kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara ya Kabambare. Majani ya tumbaku yalikaushwa juu ya mafiga ya nkambo, harufu yake ikaingia kwenye nguo, kwenye mkeka, hata kwenye uji, na mimi nilidhani ndiyo harufu ya kupendwa. Mpaka leo sijaona sababu ya kubadili mawazo hayo.

Jioni za kiangazi, wanawake waliporudi kutoka mashamba ya pamba ambayo Wabelgiji walitulazimisha kulima, walikaa duara mbele ya nyumba yetu wakibangua karanga, na kiko kikazunguka. Wanaume walivuta kila mtu peke yake, mradi kikohozi chake kisikike. Wanawake walikuwa na sheria. Kiko kikikufikia, huwezi kukipitisha bila kuvuta, kwa maana kukipitisha ni kumwambia aliyekupa kwamba una jambo naye moyoni. Waliogombana mchana walipatanishwa na kile kibuyu jioni, bila hotuba ya mtu yeyote. Mimi nililala mapajani mwa nkambo katikati ya ule moshi, nikisikia maneno ya wakubwa ambayo sikupaswa kuyasikia, na nilijiona tajiri.

Tatizo lilikuwa kifua changu. Kilikuwa kinabana, kikipiga filimbi, na nyakati nyingine nilikaa nimeinama kama ninayetafuta kitu chini, nikiitafuta pumzi. Nkambo alinisugua mafuta ya mawese yenye majani aliyoyajua yeye. Ndipo dada yake baba, Shangazi Zaina, alipokuja na kamyo, lori la kubebea pamba, mwanamke mrefu wa mjini, Mwislamu safi, mwenye kanga zilizonyooka kana kwamba hakusafiri. Alisimama mlangoni, akausikiliza ule mluzi wa kifua, akatazama kiko. "Huyu mutoto hapumue muzuri," alisema. "Nitaenda naye Kasongo. Kwetu nyumbani hakuna mutu wa kuvuta tumbako." Nkambo alijibu polepole, "Ni mutoto wa binti yangu. Mukimubeba, mimi nabakia na nani?" Nikapandishwa juu ya magunia ya pamba.

Ni kweli nyumbani kwa shangazi hakuna aliyevuta. Wazee wa mtaa walinusa ugoro barazani baada ya sala, wakapiga chafya kwa zamu na kuombeana rehema, lakini ndani mwake tumbaku haikuingia. Kilichoingia ni udi. Alhamisi jioni shangazi alitia makaa kwenye chetezo, akafukiza kanga, mapazia, vitanda, na mimi mwenyewe akanizungusha nipate baraka. Kabla ya Ijumaa kucha kifua kilikuwa kimefungwa kuliko kilivyowahi kufungwa kijijini. Shangazi alisema ni masalio ya kiko cha nkambo yaliyokuwa yakitoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba kijijini nako walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba kinachoniua ni udi wa watu wa mjini, ingawa hakuna kati yao aliyewahi kuunusa. Kila upande uliushtaki moshi wa jirani, na kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli.

Kwenye zahanati alikonipeleka shangazi, mwuguzi, kijana mpole aliyenuka sigara mpaka vidoleni, aliweka sikio lake mgongoni kwangu, akamwuliza shangazi maswali mengi. Shangazi alimweleza habari za kiko kwa kirefu na za udi kwa kifupi. "Moshi ni moshi, mama," mwuguzi alisema. "Ya kiko, ya udi, ya kuni, yote inafunga kifua ya huyu mutoto." Halafu akatoka nje, akaenda nyuma ya jengo kuwasha sigara yake, na angalau alikwenda mbali nami. Tulipofika nyumbani shangazi alikichukua chetezo, akakiweka juu ya kabati, na hakukiwasha tena ndani nilipokuwapo. Lakini kula nilikataa, na usiku nililia nikimtaja nkambo. Mwishowe alinirudisha kwa kamyo nyingine, na kwa sharti alilolisema mbele ya nkambo: nikikutwa nimebanwa tena soko la pamba lijalo, nitakuwa wa Kasongo moja kwa moja.

Nkambo aliyatoa majani ya tumbaku juu ya mafiga siku hiyohiyo. Moto wa kupikia akauhamishia uani. Jioni wanawake walipokaa, kiko kikamfikia kutoka kwa jirani yake Mangaza, ambaye mbuzi wake walikuwa wamekula mihogo yetu, na nkambo akakipitisha. "Unanikatalia mbele ya watu?" Mangaza aliuliza. "Ni juu ya mbuzi?" Nkambo akawaeleza habari za kifua. Walimsikiliza na hawakumwamini, kwani wote walikulia katika moshi uleule na kifua chao, walisema, ni kizima. Kesho yake duara lilihamia kwa Mangaza. Karanga zetu zilibaki kwenye maganda, hakuna aliyekuja kuomba moto kwetu, na mtoto wa Mangaza alipopata homa nilisikia jina la nkambo likitajwa kwa sauti ya chini. Kushukiwa uchawi hakukuwa mchezo. Nilimwona nkambo, mara nyingi, akisimama uani akiisikiliza ile gurugururu ya kwa Mangaza, kisha ananitazama, kisha anarudi kukaa. Mimi nilikuwa napumua, na bei yake niliiona usoni mwake.

Soko la pamba likafika, na shangazi naye. Alikisikiliza kifua, akaridhika. Aliziona karanga zisizobanguliwa, akauliza, nkambo akamwambia yote. Shangazi akajifunga kanga vizuri, akaenda hadi kwa Mangaza, sisi nyuma yake, akakaa chini mavumbini katikati ya wanawake ambao hapo awali hakuwasalimu kwa zaidi ya kichwa. "Huyu mama hana chuki na mutu," alisema. "Iko na mutoto wa kifua. Leta hiyo kiko, Mama Mangaza. Leo mimi ndiye nitavuta pahali pake." Akavuta. Tumbaku haikuwahi kugusa mdomo wake tangu azaliwe. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, kanga ikamdondoka kichwani, na Mangaza ndiye aliyempigapiga mgongoni huku mwenyewe akicheka hadi kushika mbavu. Alipopata pumzi, shangazi alisema, "Astaghfirullah," akakipitisha kiko upande wa kuume kama desturi ilivyotaka.

Tangu jioni ile duara lilirudi kwetu, ila walikaa ng'ambo ya njia, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na mlango wetu. Na kabla ya kutia tumbaku, walimpelekea nkambo kiko chenye maji tu. Alivuta, maji yakalia, akakirudisha, na ikahesabiwa kwamba amevuta.

Sasa mimi ni mzee, naishi Kasongo. Nkambo na shangazi wote wamekwisha kutangulia, na Mangaza alikwenda mapema, kwa kikohozi ambacho siku zile hatukujua tukiulize nini. Siutamani ule moshi urudi. Daktari wa leo anajua mengi, na wajukuu wangu wanayasikia shuleni, hata hivyo vijana wanawasha sigara kila mtu na yake, mlangoni pangu, na nikiwaambia nina kifua wananitazama kana kwamba nimewatukana. Wanawake wale hawakujua neno moja la daktari, hawakuamini hata nusu ya walichoambiwa, na bado walichukua mikeka yao wakavuka njia kwa ajili ya mtoto mmoja. Nawashukuru kila asubuhi ninapoamka na pumzi yangu imetimia. Kiko cha nkambo ninacho, bakuli lake ni tupu. Jirani yangu niliyekosana naye akiingia kunisalimu, nakijaza maji, navuta, yanalia, kisha nampa.