Mafuta Yaliyovuja kwenye Gari la Bwana Makelele

Juzi mjukuu wangu Hamisi alifungua klachi ya lori moja kuukuu uani kwangu, lori la kushusha mboga kutoka Mgeta, na harufu ikanijia mpaka jikoni: petroli, mafuta machafu, na kitu kilichoungua. Niliacha kuchambua mchicha. Mimi si mtu wa kulia ovyo, anayenijua anajua, lakini nilikaa pale na ungo mapajani kama mtu aliyeitwa jina lake. Hamisi akadhani naumwa. Nikamwambia siumwi, ila hiyo klachi yako imeingia mafuta, tafuta kwanza yanatoka wapi. Akacheka mpaka akakaa chini. Bibi kizee wa Bigwa, hata redio anawashiwa, leo anamfundisha klachi fundi wa mjini.

Na acheke. Mimi klachi nimeijua kabla mama yake hajazaliwa, nimeijua kwa vidole hivi hivi, siku zile Mjerumani yuko boma na garimoshi halina muda mrefu tangu lifike Morogoro. Na kwa kuwa amenicheka yeye, nitawasimulia ninyi.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yako ni mjomba. Mjomba wangu aliitwa Mkude. Alikuwa mhunzi, anafua majembe na mundu, na watu walimshukia kutoka milimani wakiwa na vyuma vyao vilivyokatika. Mama yangu alikuwa dada yake mkubwa, naye alikuwa mfinyanzi. Kiwanda cha mjomba na banda la mama vilitazamana, umbali wa kumrushia mtu jiwe, na katikati yake palikuwa na miiko mingi kuliko majani. Mwanamke haingii kwa mhunzi moto ukiwaka. Mwanamume hakanyagi shimo la udongo wa vyungu. Ukivunja mwiko, jembe litakatika na chungu kitapasuka. Niliwahi kuuliza kwa nini, nikapigwa kofi, basi nikaacha kuuliza kwa sauti.

Juu ya Bigwa, mlimani, palikuwa na Mzungu mwenye shamba la kahawa. Jina lake halisi hatukulijua wala hatukulihitaji. Sisi tulimwita Bwana Makelele, kwa sababu ya koo lake na kwa sababu ya motokaa yake. Motokaa hiyo aliinunua imeshachoka huko pwani, ikaletwa juu ya behewa, na barabara ya kuipandisha shambani wakaichimba baba zetu bila kuulizwa kama wanataka. Mafundi wa reli walikuwa wamekwisha gombana naye, kwa hiyo kila kilichokatika kwenye gari lile kiliishia kwa mjomba. Mjomba aliwahi kumfulia kipande cha springi, kikashika vizuri, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Ukimfaa mtu wa namna ile mara moja, anadhani umezaliwa kwa ajili yake.

Siku moja gari likaanza uvivu. Likifika mlimani injini inanguruma, kelele mpaka mjini, lakini magurudumu yanazunguka kwa kusitasita kama yanafikiria. Bwana Makelele akalileta kwa mjomba. Akanyanyua mbao za chini, pale anapowekea miguu, akamwonyesha: kuna gurudumu kubwa la injini lililochimbika kama bakuli, na ndani yake linaingia jingine, lililovishwa ngozi. Ngozi ikibana kwenye bakuli, gari linakwenda. Ukikanyaga pedali, ngozi inaachia. Hiyo ndiyo klachi ya magari ya zamani, ngozi ya ng'ombe tu, hakuna miujiza.

Mjomba alipoona ngozi alifurahi. Chuma cha Wazungu kilimpa shida, lakini ngozi aliijua. Mvukuto wake, ule wa kupulizia moto, ulikuwa wa ngozi ya mbuzi, na kila wiki aliupaka mafuta ya nyonyo ili usikauke ukapasuka. Mhunzi yeyote wa kwetu angefanya vile vile. Akaishika ngozi ya gari, akaona imekuwa nyeusi na ngumu, akasema masikini, hii haijawahi kutunzwa. Akaipaka mafuta ya nyonyo kwa moyo mmoja, kibuyu kizima.

Bwana Makelele akapanda, akaondoka kwa mbwembwe. Alifika mlima wa kwanza. Injini ikalia, gari likasimama, halafu likaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, kisha si taratibu tena, mpaka likaingia kwenye migomba ya jirani yetu. Bwana mwenyewe akashuka na jani la mgomba kwenye kofia. Watu wakacheka. Nami nilicheka, siwafichi, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Kicheko kile kilitugharimu. Alirudi na askari, na askari akatangaza mbele ya kiwanda: mhunzi ameharibu gari kwa makusudi. Jumamosi, jua likifika utosini, gari liwe limepanda mpaka shambani kwa nguvu zake lenyewe. Lisipopanda, mhunzi aende boma kupigwa hamsa ishirini.

Vijana wa leo hawajui neno hilo, na heri yao. Hamsa ishirini ni viboko ishirini na vitano, mtu amelazwa kifudifudi mbele ya watu, wake zake na watoto wake wanaona. Mume wa yule jirani mwenye migomba alishapigwa. Mwezi mzima alilala kwa tumbo, na mgongo wake mpaka anakufa ulikuwa na matuta kama shamba la viazi. Mimi mtoto nilikuwa nikimwona amevua kanzu naangalia pembeni.

Watu wakamwambia mjomba akimbie, apande Mgeta, nani atamfuata kwenye vijia vile. Mjomba akasema akikimbia watamchukua mwingine. Akakaa kwenye fuawe lake, mikono imeanguka. Gari lilikuwa limesukumwa mpaka hapo, limesimama nusu ndani nusu nje ya kiwanda, mbao zake zimefunguliwa. Ilikuwa Alhamisi.

Mama alikuwa anasugua chungu kwa kokoto. Akakiweka chini, akafuta mikono, akavuka ule uwanja. Nilimfuata. Akasimama pale pale mwisho wa kivuli cha paa, hakuvuka hata kwa kidole.

"Mkude, zima moto."

"Dada, moto huu haujazimwa mchana tangu enzi za mjomba wetu."

"Basi leo unazimwa. Au unataka niingie unawaka?"

Mjomba akainuka kwenye fuawe. Kisha akachukua mtungi wa maji, akamimina, na moshi ukajaa kiwandani. Ilikuwa mara ya kwanza naona mwanamume mzima anatii hivyo, nami nilijivuna kana kwamba nimeamuru mimi. Hamisi ananiambia kwamba kwa petroli tuliyokuja kuimwaga siku ile, moto ungekuwa unawaka tungeteketea sote pamoja na gari. Mimi nasema mwiko ulijua kazi yake.

Mama akaingia. Akaizunguka motokaa kama anavyozunguka chungu cha mtu mwingine sokoni, akitafuta ufa. Akauliza, "Kabla hujaipaka mafuta, ilikuwa inafanyaje?"

"Injini inakwenda, magurudumu hayataki. Ngozi haishiki."

"Kwa hiyo ilikuwa inateleza."

"Ilikuwa inateleza, dada."

"Na kinachoteleza, wewe ukakipaka mafuta."

Mjomba akakitazama kibuyu chake kitupu. Mama hakucheka, na namshukuru kwa hilo mpaka leo. Alisema tu kwamba mvukuto unataka ulaini ili upumue, lakini hii ngozi inataka kushika, na yeye mikono yake ikiwa na mafuta hawezi kusimamisha hata kikombe. Akanituma bandani nilete udongo mweupe, ule wa kando ya kijito, uliokaushwa na kuchungwa kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama unga. Nyumbani ngozi ya kulalia ikimwagikiwa mafuta tuliinyunyizia udongo huo, tukaianika, tukaikung'uta, na mafuta yanatoka nao. Ndiyo dawa aliyoijua, na hakuona kwa nini ngozi ya Mzungu iwe na kiburi.

Lakini ule mwanya kati ya bakuli na ngozi ulikuwa mdogo. Mkono wa mama haukupita, wa mjomba usiseme. Ulipita wangu. Mjomba akakaa kwenye kiti cha Bwana, akakanyaga pedali kwa miguu yote miwili ili ngozi iachie, nami nikalala kifudifudi juu ya mbao, kitambaa cha petroli mkononi, mkono umezama mpaka kiwikoni. Mama akamwambia kwa sauti ya chini, "Mguu wako ukiteleza, vidole vya mwanangu vinabaki humo." Jasho la mjomba lilinidondokea shingoni muda wote. Niliosha, mama akazungusha gurudumu kidogo, nikaosha tena. Petroli iliniwasha ngozi na kunipanda kichwani. Tukarudia Ijumaa asubuhi, na alasiri tukapuliza udongo ndani kwa mrija wa jani la mpapai, mpaka ngozi nyeusi ikawa kijivu.

Jumamosi Bwana Makelele akaja na askari wake na kamba. Akawasha, akaondoka. Sisi tulisimama barabarani, mjomba mbele, mama amekunja mikono. Tulisikia injini inafika mlima wa kwanza. Ikapita. Tukaisikia inapanda, inapungua, inapanda tena, mpaka sauti ikafia huko juu kwenye kahawa. Mjomba akachuchumaa njiani akalia waziwazi. Sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda pale.

Bwana aliposhuka akauliza nani ametengeneza. Mjomba angeweza kusema mimi, na sifa zingekuwa zake. Akasema, "Dada yangu na binti yake." Bwana akacheka, askari akacheka kwa sababu Bwana amecheka. "Mwanamke hapana jua gari," akasema.

"Vyema," mama akajibu. "Basi likiteleza tena, usije kwa mwanamke."

Wiki tatu hazikuisha, akaja. Gari linateleza vile vile. Mama akamtumia salamu kwamba moto haujazimwa, asubiri, na Bwana Makelele aliyekuwa akimpigia kelele kila mtu Bigwa nzima akakaa juu ya kinu kilichogeuzwa, akasubiri. Mama alimaliza kwanza mdomo wa chungu chake, na hakuharakisha.

Mara ya tatu ndipo nilipoona. Nikiwa nimelala juu ya mbao, nikaona pale nyuma ya injini, panapotokea chuma kinachozungusha lile bakuli, tone la mafuta linajikusanya, linanenepa, linaanguka moja kwa moja kwenye ngozi. Kumbe ndicho chanzo cha yote tangu mwanzo. Nilifurahi kupita kiasi. Kipande cha ngozi kikilowekwa na kukazwa pale, tone lisingepita tena, na mjomba angekikaza kabla ya ugali kuiva. Nikatoa kichwa nikamwambia mama: nimeona mafuta yanapotoka.

"Umeona nini?"

"Mafuta, mama. Pale nyuma. Tukipaziba, halitateleza tena."

Akaishika nyama ya mkono wangu, juu kidogo ya kiwiko, akaifinya akaizungusha. "Hujaona," akasema.

Jamani, nilimchukia. Mama aliyenipiga kwa kuacha ufa mdogo kama unywele kwenye chungu cha kuuza, leo anaacha kazi nusu na kunifinya kwa kusema kweli. Nilidhani ameingiwa na majivuno, anapenda kumkalisha Mzungu kwenye kinu. Miaka yote iliyobaki ya Mjerumani, kila baada ya wiki tatu au nne, tulizima moto, nikaosha, tukapuliza udongo, nami kila mara nilitazama lile tone linaanguka na roho inaniuma. Niliapa kwamba mimi nikiwa mkubwa sitakuwa mtu wa kuacha tone.

Kuna siku askari walizoa wanaume wa Bigwa kwa kuchelewa kazi ya barabara. Mjomba alichelewa pamoja nao. Wenzake walikwenda boma, wakarudishwa wamebebwa. Mjomba alirudishwa kutoka njiani, kwa barua ya Bwana Makelele, kwa sababu gari lilikuwa kiwandani mbao zimefunguliwa. Nilikuwa na akili ya kuona tone la mafuta, lakini hilo sikuliunganisha na kitu.

Vita vikaja, Bwana akaondoka, gari likachukuliwa na jeshi, na Mjerumani naye akapita. Mjomba aliishi miaka mingi baadaye, na alipokufa wazee wenzake ndio waliomwosha. Tulikuwa tumekaa mkekani nje, mama akiwa haoni vizuri tena, mimi nimekaa ubavuni pake. Mzee mmoja, yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wale waliobebwa, akatoka kufuata maji. Akasimama mbele ya mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeshangaa, kwamba katika watu wote wa rika lao aliowaosha, huyu ni wa kwanza. Mgongo wake hauna alama hata moja.

 Mama alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaishika ile nyama ya juu ya kiwiko, pale pale, akafinya, vidole havina nguvu tena.

"Umeona?" akaniuliza.

Nikamwambia, nimeona, mama.